Talaka yako ipo wapi? Karatasi tatu watu wanazozichanganya, na njia ya mahakamani inavyoenda

Kuna maswali nikiulizwa najua tu asubuhi yote imeisha, na hili la talaka ndo la kwanza. Mtu anakuja anakaa kwenye benchi anasema "mimi nilishaachwa zamani, nataka tu cheti", unamuuliza umeachwa na nani na wapi, anafungua mfuko wa nailoni uliojaa kadi za kliniki za watoto anatoa karatasi ya daftari la mistari imekunjwa mara nne, imeandikwa kwa kalamu ya bluu, mimi fulani bin fulani nimemuacha mke wangu fulani kwa talaka moja, chini mashahidi wawili na muhuri wa serikali ya mtaa umepigwa kiupandeupande. Miaka tisa hiyo karatasi ameitunza kuliko hata cheti chake cha kuzaliwa. Na miaka yote tisa anaamini ile ndo talaka.

Sasa mimi si wakili, ni msaidizi wa kisheria tu wa huku mtaani, ila hili swali nimelijibu mara nyingi mpaka nimeona bora niliandike nikawa namtumia mtu asome kabla hajatoka nyumbani. Naongelea Tanzania Bara. Zanzibar wana utaratibu wao na ntaugusa mbele kidogo, na wasomaji wa Kenya msije mkabeba haya mkaenda nayo mahakamani Milimani, kule wana Sheria ya Ndoa ya 2014 na mambo yake ni mengine kabisa.

Kitu cha kwanza kabisa, na ukikielewa hiki umemaliza nusu ya safari, ni kwamba watu wanaposema talaka wanamaanisha vitu vitatu tofauti. Kuna talaka ya kidini au ya kimila, yani ile kauli ya mume au karatasi ya kwenye daftari, au mahari kurudishwa wazee wakakaa wakamaliza. Kuna talaka ya mahakama, ambayo ni hukumu ya hakimu pamoja na amri yake kwamba ndoa imevunjwa. Halafu kuna cheti cha talaka, kinachotoka kwa msajili, RITA, baada ya ile amri ya mahakama kupelekwa kule kusajiliwa. Mtu akiwa na ya kwanza anadhani anayo ya pili, akiwa na ya pili anadhani ya tatu itajileta yenyewe nyumbani. Haiji.

Sheria inayotawala yote haya ni Sheria ya Ndoa ya 1971, Sura ya 29. Kifungu cha 12 kinasema wazi ndoa inaendelea kuwepo mpaka ikome kwa njia zilizotajwa pale: kifo, amri ya mahakama kwamba mwenzio anachukuliwa amekufa, amri kwamba ndoa ni batili, amri ya talaka, au talaka iliyotolewa nje ya nchi ikatambuliwa huku. Basi. Hamna pale mjumbe wa shina, hamna mtendaji wa kata, hamna mchungaji, hamna shehe, hamna kikao cha ukoo. Kwa hiyo yule dada wa karatasi ya daftari, kwa sheria ya Bara, bado ni mke wa mtu, na yule mume ambaye ameshaoa na kuzaa kwingine bado ni mume wake, na akifa leo utaona vumbi litakalotimka kwenye mirathi. Kiukweli kesi nyingi za rekodi za talaka zinaanzia hapo hapo msibani, marehemu hajamaliza arobaini wanawake wawili wanagombea nani mjane, mmoja anasema yule aliachwa, haya, aliachwa wapi, leteni karatasi.

Tuanze na mtu ambaye bado hajafungua chochote.

Kabla ya mahakama lazima upite Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Kifungu cha 101 hakina masihara, huruhusiwi kupeleka maombi ya talaka mahakamani mpaka mgogoro wenu uwe umepelekwa kwenye baraza na baraza lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Mabaraza haya yapo kwenye kata, yana mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wasiozidi watano, na waziri anaweza pia kuitambua kamati ya jumuiya fulani iwe baraza, ndo maana mabaraza ya BAKWATA, yani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, na ya baadhi ya makanisa nayo yanafanya hii kazi, kama nyote wawili ni wa jumuiya ile. Ofisi za ustawi wa jamii nazo watu wanapita sana. Mawakili hawaingii pale, mnaenda nyie wenyewe.

Hapa ndo watu wanaangukia pua. Mwingine anaenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mwenyekiti anawasikiliza jioni moja kibarazani kwake, anaandika barua nzuri tu "nimewashindwa hawa naomba mahakama iwasaidie", anagonga muhuri. Ile barua ina nia njema ila mwenyekiti wa mtaa si baraza la ndoa. Mwingine anapeleka barua ya paroko. Paroko kama kanisa lake lina baraza linalotambulika sawa, kama ni paroko tu amekaa ofisini na nyie wawili mkaongea, hiyo ni nasaha. Kinachotakiwa ni hati ya baraza, ile tunayoiita Fomu namba 3, yenye kueleza baraza limekaa, limewasikiliza, limeona nini, na limeshindwa. Barua badala ya fomu kuna mahakama zimewahi kuipokea na kuna mahakama zimeitupa, sasa ya nini ujiweke kwenye bahati nasibu, omba fomu. (Na tafadhali Fomu namba 3 si PF3. PF3 ni ile ya polisi ya kwenda nayo hospitali ukipigwa. Nimeshaletewa PF3 ya 2014 mtu ananiambia fomu yangu ya baraza hii hapa. Itunze nayo, itakuja kukufaa kwenye ushahidi, ila si hiyo.)

Halafu kuna kitu cha tarehe ambacho hakuna anayekwambia. Kifungu cha 106 kinataka hati ya baraza iwe imetolewa ndani ya miezi sita kabla ya kufungua shauri. Mtu anapata fomu yake mwezi wa pili, anarudi nyumbani, wazazi wanaingilia, mume anaomba msamaha, wanakaa, wanapigana tena, mwezi wa kumi na moja anaibeba ile ile fomu kwenda nayo mahakamani. Imeshakufa. Inabidi urudi barazani. Na usidhani karani akiipokea na hakimu akakupa talaka ndo umepona, kwa sababu Mahakama ya Rufani kwenye Rufaa ya Madai namba 246 ya 2019, iliyosikilizwa Mtwara, ilirudi kwenye kitu hiki hiki, kwamba bila hati halali ya baraza maombi ya talaka yalikuwa hayajaiva, na talaka iliyotolewa juu yake haikusimama. Fikiria mtu ameshaachika mahakama ya chini, amepita ngazi zote mpaka juu, mwisho wa siku anaambiwa rudi barazani ukaanze.

Mnisamehe hapo nimekaa sana ila ndo palipo na maumivu. Kuna wanaosamehewa baraza: ametoroka na hujui alipo, yupo nje ya nchi na hana dalili ya kurudi ndani ya miezi sita toka ufungue shauri, ameitwa barazani akakataa makusudi kuja, amefungwa maisha au miaka isiyopungua mitano, ana ugonjwa wa akili usiopona, au kuna mazingira ya kipekee mahakama ikayaona. Huyo anayekataa kuja barazani ni wengi mno, hasa wanaume, anajiona akigoma kwenda basi kesi imekufa. Haijafa. Anaitwa, kumbukumbu za wito zinawekwa, na kugoma kwake kunakuwa sababu ya wewe kusonga mbele.

Na kama ndoa haijafikisha miaka miwili, huwezi kuomba talaka mpaka kwanza uombe kibali cha mahakama, na kibali hicho kinatolewa ukionyesha unapata mateso yasiyo ya kawaida. Kwa hiyo zile harusi za mwezi wa sita zinazovunjika Krismasi, mjipange.

Sasa mahakamani. Mahakama ipi? Hapa sheria imekuwa na huruma, kifungu cha 76 kimezipa mahakama nne nguvu sawa kwenye mashauri ya ndoa: Mahakama Kuu, ya Hakimu Mkazi, ya Wilaya na ya Mwanzo. Mtu wa kawaida anaanzia Mahakama ya Mwanzo, ipo karibu, Kiswahili kitupu, gharama ndogo. Kuna dhana kwamba ndoa ya kanisani haivunjwi Mahakama ya Mwanzo, au ya bomani lazima iende wilayani. Hapana. Ndoa yoyote. Kanisa lako kama halitambui talaka hilo ni la kwako na kanisa lako, utabaki hujaachika madhabahuni ila serikalini umeachika, na ule utaratibu wa Kanisa Katoliki wa kutangaza ndoa kuwa batili ni wa kwao ndani, hauchukui nafasi ya mahakama wala mahakama haichukui nafasi yake.

Kwa Dar kuna Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki pale Temeke, kilianza 2021, hicho ni cha mambo ya familia, mirathi na ndoa, ngazi tofauti za mahakama zipo jengo moja. Uliza kwanza kama shauri lako linapaswa kwenda pale kabla hujapanga foleni kwingine.

Sharti jingine, uwe na makazi ya kudumu Tanzania au uwe umeishi hapa walau mwaka mmoja kabla ya kufungua. Kwenye maombi yako unaeleza mlifunga ndoa lini na wapi, watoto majina na umri na jinsia, kama kuna shauri lingine la ndoa liliwahi kufunguliwa, nini kimetokea mpaka ndoa ikavunjika, na unataka nini, yani talaka, mgawanyo wa mali, malezi ya watoto, matunzo. Andika vyote unavyotaka mwanzoni. Watu wanaandika talaka tu kwa sababu siku ile wana hasira wanataka kutoka, baadae nyumba inakumbukwa. Unalipia kwa kontrol namba, risiti unaitunza, unapewa namba ya shauri. Ile namba iandike kwenye simu, iandike nyuma ya cheti cha ndoa, iandike ukutani ukitaka. Ntaeleza kwa nini.

Unachothibitisha ni kitu kimoja tu, kwamba ndoa imevunjika kiasi haiwezi kurekebishika. Kile kifungu cha 107 kimetaja mambo ambayo mahakama itayaangalia kama ushahidi: ugoni, ukatili wa mwili au wa akili, kutelekezwa makusudi, mwenzio kukutoroka kwa angalau miaka mitatu, kutengana kwa hiari miaka mitatu, kifungo, ugonjwa wa akili na kadhalika. Kwamba wote mmekubaliana muachane haitoshi peke yake, hakimu lazima aridhike kweli imevunjika. Na huwezi kujenga kesi nzima juu ya makosa yako mwenyewe, yani mimi ndo mzinzi, mimi ndo mlevi, naomba talaka. Kuna jamaa alikuja na hiyo mbinu kwangu, nilicheka mpaka machozi.

Ushahidi usiwe wa "ananinyanyasa". Lini, wapi, nani aliona. Mama mmoja alisimama akasema "Jumapili ya kuamkia Pasaka alinifungia nje mvua inanyesha, jirani wa mlango wa pili akanipa khanga kavu", akamwita yule jirani, jirani akaja akasema ndio nilimpa khanga na hajanirudishia. Mahakama nzima ikacheka ila ushahidi ulikaa.

Mwenzio asipokuja? Anapelekewa samansi, asipopatikana mahakama inaweza kuruhusu atangaziwe gazetini, na akigoma shauri linasikilizwa upande mmoja. Hata hivyo unaleta ushahidi wako kama kawaida. Na hakikisha samansi imemfikia kweli, kwa sababu akija kuibuka mwaka unaofuata akathibitisha hakuwahi kuitwa, ile hukumu inaweza kutenguliwa, na wewe pengine ushavalishwa pete nyingine.

Turudi kwa dada wa karatasi ya daftari maana ni Muislamu na hapo pana kipengele chake. Sheria inasema kama ndoa ni ya Kiislamu, na baraza limeshatoa hati kwamba limeshindwa, na BAADA YA hapo mmoja wao akafanya jambo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, mahakama itaona ndoa imevunjika na kutoa talaka. Neno lenyewe ni hilo baada. Talaka ya mume iliyoandikwa miaka tisa kabla ya kwenda barazani haiingii kwenye kipengele hiki. Ila si kwamba ni takataka. Ile karatasi ina tarehe, ina mashahidi, inaonyesha toka siku ile hawajaishi pamoja, na miaka tisa ni mara tatu ya ile mitatu inayotakiwa kwenye kutengana. Kwa hiyo nilimwambia usiitupe, nenda barazani upate fomu mpya, kisha ile karatasi iingie kama ushahidi. Alikasirika kidogo, alisema "yani niachwe mara ya pili?" Ndio dada yangu, mara hii uachwe na serikali.

Mali na watoto ni makala nyingine ndefu, ntapita juu juu. Kifungu cha 114 kinagawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif ya 1983 Mahakama ya Rufani ilishakubali kwamba kazi za nyumbani, kupika, kulea, kuangalia nyumba, ni mchango. Kila mwanaharakati anaitaja hiyo kesi ila wachache wanasimulia mwisho wake, Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu, kwa kuwa alishapewa hela na mume za mradi wa familia akazitumia kivingine, mahakama ikaona kama fungu lake ameshalichukua. Kwa hiyo usiende na imani ya nusu kwa nusu kichwani, nenda na risiti za mabati, mikataba ya mauziano, mashahidi waliobeba tofali. Watoto kinachoangaliwa ni maslahi yao, na chini ya miaka saba sheria inadhania mama ndo anafaa mpaka ithibitishwe vingine. Na wale mlioishi tu bila kufunga ndoa miaka miwili na zaidi mkaonekana mke na mume, kifungu cha 160 kinaweza kuwadhania ndoa, hapo mahakama inaweza kushughulikia mali na watoto.

Usiporidhika na uamuzi, rufaa ina siku zake za mwisho. Zihesabu kwa kalenda.

Haya, sasa rekodi. Umeachika 2011, karatasi zimeliwa na mchwa au zilichukuliwa na mafuriko ya bondeni, na leo unataka kuoa tena, au unaenda nje na ubalozi unataka uthibitisho, au mfuko wa pensheni unakuuliza hali yako ya ndoa. Au si wewe, ni mwanaume anayetaka kumuoa binti yako anasema "yule niliachana naye" na wewe mzee hujaridhika.

Unaanzia mahakama iliyotoa hukumu, hamna njia ya mkato. Masjala yao ndo yenye faili na rejista. Unaandika barua kwa hakimu mfawidhi, unaomba nakala zilizothibitishwa za hukumu na za amri ya talaka, unataja namba ya shauri na mwaka, mfano Shauri la Ndoa namba fulani la 2011, majina ya wadaawa, yani nyie wawili mliokuwa kwenye kesi, tarehe ya hukumu. Ndo maana nikasema namba iandike hata ukutani. Mwenye namba anaweza kuondoka na nakala yake mapema. Asiye na namba karani anamuuliza mwaka, anasema "kama 2010 au 2012 hivi, kulikuwa na mvua", karani anamwangalia.

Usipokuwa na namba bado inawezekana ila uje na vitu. Majina matatu kamili kama yalivyoandikwa kipindi kile, maana Mwanaidi anaweza kuwa ameandikwa Mwanahidi, na jina la ukoo la mume likaja mbele. Mwaka, hata kama ni wa kukisia. Na jina la mahakama, ambalo nalo lina mtego: wilaya zimegawanywa. Kigamboni ilimegwa kutoka Temeke, Ubungo kutoka Kinondoni, kwa hiyo mtu wa Kibamba, ambayo sasa ipo Ubungo, aliyeachika zamani atazunguka Ubungo wiki nzima faili lipo Kinondoni. Uliza faili za mwaka ule zilihamishiwa wapi. Ile miaka ya karibuni mashauri yanaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta wa mahakama na kutafuta kwa jina ni rahisi, lakini la zamani ni kitabu kikubwa cha jalada gumu, kidole kinashuka mstari kwa mstari, na karani akiwa na roho nzuri mnasaidiana. Mimi niliwahi kukaa siku mbili kwenye mahakama moja sitaitaja tukitafuta shauri la mama mmoja, faili halikuwa kabatini, halikuwa stoo, likapatikana limebandikwa ndani ya faili la mtu mwingine kabisa wa kesi ya mbuzi. Hukumu ilikuwa nzima. Mama alipiga vigelegele pale pale masjala.

Kama faili halionekani kabisa, usiondoke na maneno ya mdomo. Andika barua, ipokelewe kwa muhuri kwenye nakala yako, na uliza kama kulikuwa na rufaa, kwa sababu shauri likikatiwa rufaa faili la chini linapanda juu na wakati mwingine linabaki huko huko.

Kwenye rufaa kuna msaada mwingine ambao watu hawautumii. Kuna tovuti ya TanzLII, bure kabisa, ina hukumu za Mahakama ya Rufani na za Mahakama Kuu, unatafuta kwa majina. Usitegemee kuikuta talaka ya kawaida ya Mahakama ya Mwanzo mle. Ila ikiwa ndoa ile ilipanda mpaka juu, utaikuta, na utaona kilichoamuliwa mwisho. Hili ni muhimu kuliko linavyoonekana: mtu anaweza kukuonyesha hukumu ya talaka ya wilayani, muhuri halali, sahihi halali, kumbe Mahakama Kuu ilishaifuta miaka miwili baadae kwa ajili ya ile ile Fomu namba 3. Baba wa binti, tafuta jina la mkwe mtarajiwa mle kabla ya kupokea mahari.

Ukishakuwa na nakala zilizothibitishwa unaenda RITA, au kwa ofisi ya wilaya inayofanya kazi za usajili, na hukumu, amri ya talaka, cheti cha ndoa na kitambulisho, talaka isajiliwe upewe cheti. Usikae ukisubiri mahakama na msajili wapelekeane, wewe ndo mwenye shida, beba mwenyewe. Na hapo kuna la kujua: msajili anasajili kilichoamuliwa mahakamani. Ukienda na karatasi ya daftari, au hati ya BAKWATA peke yake, utarudishwa mahakamani, na mahakama itakurudisha barazani, unakuwa kama mpira wa chandimu. Ukitaka kujua kama talaka ya mtu imesajiliwa unaweza kuomba upekuzi kwenye kumbukumbu zao kwa kulipia, ila ukiambiwa haipo haina maana hakuachika, wengi mno wana hukumu na hawajawahi kusajili. Ndo maana nasema anza mahakamani.

Walio nje. Umeachika Uingereza au Oman, talaka yako inaweza kutambuliwa huku, vifungu vya 91 na 92 vinahusika, ila njoo na nakala iliyothibitishwa na kama ni ya Kiarabu ije na tafsiri rasmi. Ambaye yupo nje na mwenzie yupo Tanzania, usidanganyike na mtu wa WhatsApp anayekwambia atakutolea talaka kwa laki tatu bila shauri. Karatasi anayo, muhuri anao, ila namba ya shauri iliyoandikwa pale ukiipeleka masjala ni ya mtu aliyeshtakiwa kwa kuvunja duka.

Zanzibar nilisema ntagusa. Sheria ya Ndoa ya 1971 haifiki kule, talaka za Waislamu zipo chini ya Mahakama za Kadhi, sheria yao ya sasa ni namba 9 ya 2017, na Kadhi kule ni mahakama kamili ya serikali, si kama huku Bara ambapo hati ya Kadhi haivunji ndoa kisheria. Kwa hiyo rekodi ya aliyeachika Mwera au Chake Chake unaitafuta kwenye Mahakama ya Kadhi ya kule kule.

Huna hela ya wakili, kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, mashirika kama WLAC na TAWLA yanasaidia hasa kina mama, na wasaidizi wa kisheria kama sisi tupo kwenye kata nyingi. Tunaandika maombi, tunakuonyesha njia, hatukusimamii mahakamani. Ukija, njoo na cheti cha ndoa au jina la aliyewafungisha, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na chochote chenye tarehe.

Dada wa karatasi ya daftari alienda barazani mwezi uliofuata. Mume aliitwa mara tatu, ya tatu akaja na mke mpya. Fomu imetoka Jumanne iliyopita, na tarehe ya miezi sita nimemwandikia kwa kalamu nyekundu juu ya bahasha.